Herufi Moja ya Gakindu

Chuo chetu cha kompyuta kilikuwa juu ya duka la mbolea mjini Nyeri, na mwishoni mwa miaka ya tisini tulikuwa walimu wawili tuliogombania somo moja jipya: kutengeneza kurasa za mtandao. Mwenzangu, binti wa Kiislamu aliyezaliwa hapo hapo mjini na kukulia katika Kiswahili, alitaka wanafunzi watumie programu ya kuburuta: unachora jedwali kwa kipanya, programu inajiandikia amri yenyewe. Mimi nilishikilia zana rahisi kabisa, ukurasa mtupu ambao kila amri unaiandika mwenyewe. Nilimcheka waziwazi. Nilisema programu yake ni kama kununua chapati hotelini kisha kujiita mpishi.

Mkuu wa chuo, mama asiyependa maneno mengi, akatuambia kila mmoja atengeneze ratiba ya masomo mbele ya darasa. Atakayeshinda, somo ni lake. Mwingine abaki kufundisha taipu. Nililitaka somo lile hadi nikakosa usingizi.

Mwenzangu alianza. Ratiba yake ilitoka na mistari minene na rangi ya kuchosha, na faili lake lilijaa amri za ovyo. Nikawaonyesha wanafunzi uchafu huo kwa kidole. Kisha nikaketi mimi. Nina mazoea ya kuandika huku nikitamka, ili darasa lifuate, na siku hiyo nilitamka kwa mbwembwe.

Nilipoufungua ukurasa, hapakuwa na jedwali. Siku, saa na masomo vilikuwa vimechanganyika kama mahindi na maharagwe ya githeri, na ile rangi ya kijani niliyowaahidi wanafunzi haikuonekana popote. Nikalaumu mashine. Nikalaumu stima. Nikamuuliza mwenzangu kwa ukali alikuwa amegusa nini kwenye kompyuta hiyo asubuhi. Wanafunzi wakasoma amri zangu tena na tena wasione kosa, maana wengi wao walikuwa Wakikuyu wa Tetu na Mukurweini, na mimi ni Mkikuyu wa Gakindu, huko huko Mukurweini.

Mwenzangu akainama karibu na kioo. "Mwalimu," akaninong'oneza, "hapo umeandika vile unasema."

Nikatazama. Mahali pa amri ya jedwali, "table", nilikuwa nimeandika "tabre". Mahali pa amri ya rangi, "color", "coror". Mkono ulikuwa umefuata ulimi, na ulimi wetu wa Kikuyu hugeuza l kuwa r.

"Ati iko na shida gani?" mkuu akauliza.

"Ni spelling tu, Madam," mwenzangu akajibu haraka, akitaka kunisitiri.

"Spelling gani? Mwalimu, hebu tusomee vile inafaa kuwa."

Ningeweza kuirekebisha kimya kimya. Lakini kiburi hakina macho, nami nilitaka waone kwamba ninajua. Nikasimama, nikavuta pumzi, nikaulenga ulimi wangu kwenye ile herufi kama mtu anayejiandaa kuruka mtaro, nikasema polepole, darasa zima likisikia:

"Tabre."

Muhula huo nilifundisha taipu.