Kiti Kimoja cha Gari Jekundu

Magari ya mbio yaliyokuwa yakienda maonyesho ya Iringa yalisimama Mikumi kujaza mafuta. Nilikuwa nikiyakagua, jirani yangu wa kijijini kwetu Mabwerebwere akanikuta.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba.”

Nimemzidi mwezi mmoja tu, lakini salamu hiyo huidai kila siku.

Tukayalinganisha, sote tukachagua jekundu. Kijana mwenye gari alikuwa ametusikia tangu tuliposalimiana.

“Kiti cha abiria ni kimoja, wazee wangu. Nimzungushe huyu mdogo. Wewe mkubwa utaumia mgongo, gari liko chini mno.”

Jirani akaondoka akinipungia mkono kama waziri. Sikumpungia.

Magari yatarudi Jumapili. Kwa hiyo jana asubuhi, kabla jirani hajafungua kinywa, nilimwahi mimi: “Shikamoo, kaka.”