Wimbo wa Mmarekani Kwenye Mwethya

Kuna mwanamke mmoja mwimbaji wa Marekani ambaye nimempenda kuliko wanaume wote walionichumbia, na hawakuwa wengi. Ujanani aliacha chuo, akabeba gitaa, akazunguka milimani akiwaomba nyanya za watu nyimbo zao za kale. Kisha akaziimba mjini mpaka vijana wenzake wakadhani ni mpya. Mimi humsikiliza kwa simu nikipika muthokoi hapa Matinyani, na mama yangu humsikitikia.

"Huyo mama ana shida gani? Si mtu ampelekee chakula."

Mama ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo katika mwethya wetu, kikundi cha wanawake wanaolimiana mashamba kwa zamu. Mwaka huu kifua kilimkatalia. Zamu ya shamba letu ikafika, mvua iko karibu, mitaro ya kuzuia maji haijachimbwa, na wimbo hauna mwenyewe. Nikajitolea. Nilitaka sana nafasi ile isitoke nyumbani kwetu.

Nikaanza na wimbo wa Mmarekani wangu, nilioutafsiri kwa Kikamba: msichana anamngoja mchumba aliyekwenda kujenga reli. Majembe yakapanda juu. Sasa, kwetu jembe hushuka kwenye kiitikio, na wimbo wangu ulikuwa beti tupu, kiitikio hakuna. Wanawake wakasimama na majembe hewani, wakisikiliza hadithi. Mmoja akashusha lake polepole, akaliegemea.

"Kwani alirudi?"

"Ngoja, bado."

"Na huyo msichana hana wazazi? Si angeolewa tu na mwingine!"

Wakaanza kubishana. Wengine wakamtetea kijana, kwamba kazi ya reli si mchezo. Jua likapanda, na mtaro haujafika hata kifundo cha mguu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini hakuna aliyekuwa akichimba.

Mama, aliyeketi kando ya sufuria ya uji, akainuka. Nilijua amekuja kuninyang'anya wimbo, na nikaona ni haki yake. Akangoja nimalize ubeti, kisha kwa sauti ya kukwaruza akatia neno moja la Kikamba, la kumwita yule kijana arudi.

Majembe yote yakashuka pamoja.

Nikanyamaza, nikimngoja aongoze kama alivyoongoza tangu nizaliwe. Akashika kifua, akavuta pumzi.

"Imba, mwanangu," akasema. "Mimi nitaitikia."