Mwonjaji wa Viazi vya Ukwaju

Mke wa mwenye duka pale Chaani alikuwa na mikono isiyojua subira. Viazi vya ukwaju alivitengeneza kwa muda wa mtu kukoga: viazi vimeshachemka, ukwaju aufikicha mpaka bangili zapiga kelele kama harusini, kokwa azirusha paka aliko, kisha pilipili, chumvi, na kachri za muhogo uliokaangwa juu. Ila mwezi wa Ramadhani haonji hata kwa ncha ya ulimi. Humwita jirani yake Nyamvula, Mgiriama Mkristo, aje amwonjee. Nyamvula naye huonja, akafumba macho, akasema, "Bado kidogo," mara tatu, ili apate vijiko vitatu, na kila mara mwenzake huongeza chumvi.

Mwaka ule Ramadhani na Kwaresima zilikutana, na Ijumaa moja mamamkwe akaja kufuturu, yule ambaye hajapata kusifu chakula cha mkaza mwanawe.

"Nyamvula weye! Njoo unionjee!"

"Abee! Leo siwezi, shoga. Nami nimefunga."

"Wallahi mtaniua! Mmekosa mwezi mwingine?"

Akatia chumvi kwa kukisia, midomo ikimcheza kwa dua. Baada ya adhana, Nyamvula alitega sikio kwenye ua wa makuti. Akasikia kijiko kikigonga bakuli, kikanyamaza, kisha kikagonga tena mbiombio.

"Leo nani amekuonjea?" mamamkwe akauliza.

"Hakuna mtu, mama."

"Basi huyo wa siku zote mwambie akae kwake. Hebu nipakulie tena."