Siku Baba Alipoahidi Kunyamaza

Tulipomzika Baba, watu walimsifu kwa kazi yake ya udaktari. Hawakukosea, ila walimsahau yule mtu mwenyewe. Baba hakujua kukaa ndani! Alfajiri alikuwa Msitu wa Kakamega na darubini, akiwasaka ndege aina ya hondohondo. Jumapili, ibada ikiisha, alikuwa Mto Isiukhu na ndoana, suti bado mwilini. Mlima Elgon aliupanda hadi Mama akaacha kumuuliza atarudi lini. Lakini kilichomtia wazimu hasa ni fahali. Miaka ile ya tisini tulikuwa na fahali wa kupigana, na daktari mzima alimlisha kwa mikono yake, akamwimbia, kisha akaenda kuona wagonjwa na kinyesi cha ng'ombe kwenye soksi.

Jirani yetu, mzee aliyekuwa na fahali wake pia, alikuwa mgonjwa wa Baba. Ugonjwa wa sukari ulimtia kidonda mguuni, na kidole gumba kilikuwa kimeanza kuwa cheusi. Baba alimsihi alazwe kabla mguu wote haujaoza. Mzee akakataa katakata.

"Daktari, mimi siendangi kulala hospitali kama ng'ombe yangu haijapiga yako. Ikishapiga, nitakuja mwenyewe."

"Basi umeshinda, mzee. Mimi nimekubali."

"Ushindi ya kupewa nitapeleka wapi?"

Pambano likapangwa Jumamosi. Baba alijua jambo moja: fahali wetu alikuwa mdogo, na hakupigana kwa moyo mpaka asikie sauti ya Baba. Kwa hiyo aliahidi mbele yetu sote kwamba atasimama kando na kufunga mdomo.

"Wewe?" Mama akamuuliza. "Unyamaze?"

Asubuhi hiyo uwanja ulifurika. Ngoma za isukuti zilipigwa mpaka nikazisikia tumboni, wanaume wakaingia mbio na matawi mikononi, vumbi likatimka! Mzee aliketi kwenye kigoda, mguu umefungwa kitambaa. Mimi nilipanda juu ya kichuguu nikamwomba Mungu fahali wetu ashindwe, na nilijiona msaliti kabisa.

Pembe zikagongana. Wetu akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. Nikamtazama Baba: amefumbata mikono, ameuma midomo. Vizuri, Baba, vumilia! Fahali wetu akageuza shingo kutafuta njia ya kukimbia. Bado kidogo tu.

"Ng'ang'ana! Ng'ang'ana, mwanangu!"

Alikuwa Baba, kofia hewani, anaruka kama mwendawazimu. Fahali akatega masikio, akainamisha kichwa, akaingia chini ya shingo ya mwenzake na kusukuma, kusukuma, na aibu yangu ni hii: nami nilikuwa napiga kelele asukume zaidi. Fahali wa mzee akageuka na kutokomea shambani kwa watu.

Umati ulimbeba Baba mabegani. Aliimba kwa sauti yake mbaya, akacheka, mpaka kutoka huko juu akamwona mzee ameinama, anautazama mguu wake. Akaomba ashushwe. Sijawahi kuona furaha ikimtoka mtu usoni upesi namna ile. Nilimkasirikia Baba, na nilimhurumia.

Alishika kamba ya fahali wetu, akamwongoza katikati ya wachezaji hadi kwa mzee, akamtia kamba mkononi.

"Aliyeshinda ni huyu, mzee. Na huyu sasa ni wako."

Mzee alimkagua fahali kuanzia kwato hadi pembe.

"Na nikilala huko kwenu, nani atamlisha?"

"Mimi."

Wakaondoka kwenda hospitali mchana uleule. Mzee alipoteza kidole, mguu ukapona. Wiki zile zote Baba alikata nyasi kila asubuhi kwa ajili ya fahali ambaye hakuwa wake tena, na hakumfuga mwingine maishani.

Siku moja nilimfuata wodini. Aliingia na koti lake jeupe, wauguzi nyuma yake, akanyoosha mkono afunue kidonda. Mzee akauvuta mguu ndani ya blanketi.

"Kwanza, ng'ombe yangu imekula?"

Baba akasimama wima mbele ya wauguzi wote.

"Amekula, mzee. Na chumvi nimempa."

Mzee akautoa mguu.

"Haya. Sasa unaweza kuangalia."