Wimbo wa Kondoo Aliyefiwa

Dejid alikuwa mtu wa kuuliza. Tangu utotoni aliwachosha watu. Kwa nini kondoo huipa tufani mgongo na kwenda nayo kokote inakokwenda? Na kondoo anayekataa mwana, akiimbiwa, husikia nini hasa? Watu wa bonde lile walijua kuimba. Kuuliza walimwachia yeye.

Na kwa kuimba hakuwa na mpinzani. Aliletewa kondoo wakaidi kutoka kambi za mbali, akawachuchumalia na kuwaimbia "toig, toig" mpaka wakalegea, na mwana akapata ziwa. Mumewe, Luvsan, hakuwahi kumsifu hata mara moja. Dejid akianza kuimba, mzee huyo hutoka nje, ati anakwenda kukaza kamba za uzio, na uzio wenyewe mzima.

Mwaka ule theluji ilirudi wakati kondoo wanazaa. Upepo uliangusha upande mmoja wa zizi, kundi likatoka na kufuata upepo. Mke na mume wakalifuata, Dejid akiita na kuita ndani ya weupe ule hadi koo likamkauka. Walilikuta korongoni, kondoo wamelaliana, theluji imewafukia. Waliovutwa wakiwa hai walikuwa wachache mno. Dejid alilia waziwazi, wala hakujali nani anamwona.

Miongoni mwa waliopona alikuwamo kondoo jike ambaye mwanawe aliganda ubavuni mwake. Alikuwamo pia mwanakondoo mwenye masikio meusi, yatima, wa mwisho wa uzao wa kondoo ambaye Dejid alipewa na mama yake siku anaolewa. Maziwa yalikuwa kwa yule, njaa kwa huyu. Waliporudi zizini walimpaka mwana chumvi ili jike amrambe, wakamsogeza. Jike akampiga teke.

Dejid akachuchumaa, akafungua kinywa. Ikatoka pumzi tupu. Sauti yote ilikuwa imebaki korongoni.

Alijaribu tena na tena. Mwanakondoo alikuwa ameacha kulia sasa, kichwa kimelala kwenye majani makavu ya zizi. Dejid akamgeukia mumewe.

"Imba wewe," alinong'ona.

"Mimi? Bibie, mnyama wa watu kafiwa, halafu nimwongezee na hilo?"

"Mzee, atakufa huyu."

Luvsan akavua kofia, akachuchumaa. Alianza kwa sauti ya mlango mbovu, na Norjin, jirani yao aliyekuja kusaidia, akaziba mdomo asicheke. Dejid naye alitaka kuinamisha uso kwa aibu. Kisha akatega sikio. Mzee alikuwa anapanda pale anapopanda yeye. Alivuta pumzi pale anapovuta yeye. Akaingia kwenye maneno ambayo Dejid aliyatunga mwenyewe na hakumfundisha mtu, na katikati yake akaweka kikohozi kidogo, kile kile ambacho moshi wa jikoni ulimzoesha Dejid miaka na miaka.

Jike akageuza shingo. Akanusa masikio meusi, akasita, akayaramba. Norjin akamwinua mwana, akamtia ziwa kinywani, na kimkia kikaanza kutikisika.

Dejid hakuona hayo. Alikuwa anamtazama mumewe.

"Umejifunzia wapi?"

"Pale uzioni," Luvsan akajibu, akivaa kofia yake.

Dejid, na maswali yake yote, hakuuliza tena.