Matairi Matatu ya Bi Shufaa

Bi Shufaa hakuwahi kuendesha baiskeli, lakini alikuwa amekaa juu ya baiskeli zaidi kuliko wanaume wengi wa Bagamoyo, maana miaka arobaini na ushei alipakiwa kwenye keria ya mumewe. Mzee Kitwana alikuwa mpeleka mikate. Alfajiri keria hubeba sanduku la mikate kwenda madukani, mpaka Kaole huko. Jioni sanduku hushushwa, akapandishwa mke, wakaenda kuhani, kupongeza na kutazama wagonjwa. Ukimwona mmoja bila mwenziwe ulikuwa na haki ya kuuliza kuna nini.

Naye Kitwana alikuwa na masharti yake, utadhani anaendesha meli. Kaa upande, miguu pamoja, shika siti, usinishike mimi. Na kwenye kona usijitie kimbelembele.

"Baiskeli nailaza mimi," alikuwa akisema. "Wewe kaa kama mikate. Mikate hainifundishi njia."

Shufaa akakaa kama mikate, na kusema kweli alipenda. Mwanamke mwenye nyumba na watoto hapati nafasi nyingi za kukaa bila kufanya kitu.

Kisha kikaja kizunguzungu. Kitwana akasema ni njaa, halafu akasema ni jua, mpaka siku alipoanguka barabarani na mikate yote ikamwagika, naye akalala juu yake. Daktari alimweleza kwa upole kwamba ni maradhi ya ndani ya sikio. Hayaui, lakini hayaponi upesi. Kutembea atembee pole pole. Baiskeli basi tena. Kitwana aliitikia kwa adabu, akarudi nyumbani, akamgawia mpwa wake baiskeli siku ile ile, akakaa.

Akakaa kweli kweli. Msikiti wake, ule aliosali tangu utotoni, uko upande wa pili wa mji, na ule wa jirani aliuona si wake. Bajaji hakutaka hata kuisikia. "Nibebwe kama gunia la unga, halafu kila mtu aniulize nimepatwa na nini?" Ijumaa ya kwanza alisali chumbani. Ijumaa zilipozidi, Kitwana akaacha hata kuulizia kanzu yake. Chakula alikula tonge mbili akasukuma sahani. Mchana kutwa alikaa kitandani ameelekeza uso ukutani, na ukimuuliza anawaza nini, anasema hawazi kitu, na inavyoonekana alikuwa akisema kweli.

Shufaa aliogopa. Baba yake mzazi alikaa hivyo hivyo baada ya kuacha kazi. Hakuwa na homa wala kidonda, wakamwacha apumzike, akapumzika mpaka wakamzika. Hakutaka kuliona tena jambo lile, si kwa mtu huyu. Alimpenda mumewe. Sisi watu wa pwani maneno hayo hatuyasemi sana, tunapika. Shufaa alipika, na chakula kikarudi jikoni kama kilivyotoka.

Ndipo zamu yake ya kupokea fedha za mchezo wa kina mama ilipomfikia, na shoga yake Maulida akamdokeza kwamba kwa Msabaha, yule muuza baiskeli za mtumba nyuma ya mtaa wao, zimeshuka baiskeli za matairi matatu walizokuwa wakiendesha wazee wa huko ng'ambo. Baiskeli inayosimama yenyewe, isiyohitaji mtu awe na masikio mazima. Usiku ule Shufaa hakulala vizuri kwa furaha. Lakini alimjua mumewe. Akimwambia tukakununulie baiskeli ya wazee, atajibiwa kwamba yeye si mtoto wala si mgonjwa. Kwa hiyo akatunga uongo, tena akautia viungo.

"Baba Samia," alisema asubuhi akimmiminia chai, "mimi nataka kujifunza baiskeli."

Kitwana akageuza uso kutoka ukutani. "Nani?"

"Mimi. Kwa Msabaha kuna za matairi matatu. Keshaniambia atanichagulia mwenyewe."

"Msabaha akuchagulie?" Mzee akaweka kikombe chini. "Yule anajua kuuza, hajui baiskeli. Atakupa chuma chenye kutu uvunjike nyonga. Kofia yangu iko wapi?"

Walikwenda kwa mguu, fimbo mkono huu na mke mkono huu, wakipumzika kila penye kivuli. Msabaha alipowaona aliinuka.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba," akajibu Kitwana, akihema. "Hebu tuyaone hayo madude yako."

Yalikuwa matatu. La kwanza ni guta lililoungwa hapa hapa mjini, la kubebea madumu ya maji. Kitwana alilitazama mara moja tu, akasema hilo linataka punda, tena punda kijana. Ya pili ilikuwa nyekundu, nyepesi, yenye kikapu nyuma. Ya tatu ilikuwa ya kijivu, nzito, ina kikapu pia, matairi yake mapana na ekseli nene.

Akaomba kigoda, akaketi, akamwambia Msabaha ainue ile nyekundu kwa nyuma. Akazungusha pedeli kwa mkono huku ametega sikio kwenye cheni.

"Anayeanza uzeeni hachaguliwi kwa rangi," alisema. "Kwanza hiki chuma cha katikati kiwe chini, avuke bila kupiga teke hewani. Huyu anavaa baibui, kwa hiyo cheni ifunikwe. Siti ishuke mpaka nyayo zifike chini naye ameketi, maana mwoga akigusa ardhi anapata moyo. Na breki iwe ya kufungika, isije ikaondoka wakati yeye ndio kwanza anapanda."

Shufaa alisimama pembeni akisikiliza. Miezi ilikuwa imepita hajamsikia mumewe akisema maneno mengi namna ile kwa mkupuo. Angekuwa na uwezo, angenunua yote matatu, pamoja na la punda.

"Nyekundu itamfaa," Kitwana akahukumu.

"Ijaribu wewe kwanza, uihakikishe," akasema Shufaa. Hapa ndipo alipokuwa akimleta tangu asubuhi.

Mzee hakubembelezwa. Alipanda, akakanyaga, na kwa urefu wote wa uwanja mgongo ukamnyooka, akawa yule Kitwana wa mikate. Ikaja kona. Akailaza baiskeli kwa kiwiliwili kama alivyozoea, lakini chombo cha matairi matatu hakilali. Kinataka kigeuzwe kwa mikono. Mwili ukaenda kwake, baiskeli ikaenda kwake, tairi moja likanyanyuka, na wote wawili wakaingia kwenye lundo la matairi chakavu.

Hakuumia. Aliomba ile ya kijivu, akaingia lundo lile lile. Mara ya tatu alisimama mwenyewe kabla ya kona, akashuka, akaanza kujikung'uta vumbi.

"Si wewe, mzee," Msabaha alisema. "Waliozoea matairi mawili wote hunifanyia hivyo. Mwili unakumbuka ya zamani."

"Basi mwili wangu hata baiskeli hauijui tena." Alisema kwa sauti ya chini, bila hasira, na hilo ndilo lililomuuma mkewe. "Twende nyumbani, Mama Samia."

Shufaa akauona ule ukuta wa chumbani ukiwangoja. Hila yake ilikuwa imemnyang'anya mumewe hata kile kidogo kilichobaki. Mkononi hakuwa na kitu ila uongo wake. Maji ameshayavulia nguo, hakuwa na budi kuyaoga.

"Na mimi je?" akasema. "Kwani tumekuja kwa ajili ya nani?"

Akakusanya baibui, akavuka kile chuma cha chini cha ile nyekundu, akaketi. Nyayo zilifika chini. Akafungua breki kama alivyomwona Msabaha akifanya, akakanyaga pedeli moja, ikamletea ya pili. Kona ilipofika aligeuza usukani kwa mikono, basi. Mwili hakuufanya kitu. Alikaa kama alivyokaa miaka yote ile nyuma ya mgongo wa mtu, na baiskeli ikageuka kwa utulivu, ikarudi ilikotoka.

Shida ilikuwa kusimama.

"Breki," Kitwana akaita.

"Iko wapi?"

"Mkono wa kushoto. Usitazame miguu, tazama uendako. Kushoto, mwanamke, huo ni wa kulia."

Akawapita mara mbili akicheka mwenyewe, huku mumewe akimwelekeza kwa fimbo na Msabaha akitazama pembeni kwa heshima. Aliposimama, kicheko kilimwisha. Aliona haya. Amelifanya, mbele ya macho ya Kitwana, jambo lililomshinda Kitwana. Akamtazama usoni kwa woga.

Kitwana hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa amerudi kwenye ile ya kijivu, amemwambia Msabaha akalie kikapu chake cha nyuma kwa uzito wake wote, naye ameinama kuangalia kama ekseli inapinda.

"Tunachukua hii," akasema.

"Si umesema nyekundu ndiyo itanifaa?"

"Nyekundu inatosha mtu na vitunguu vyake." Kisha akamvuta Msabaha kando, akamnong'oneza jambo, na mkewe akadhani anapunguziwa bei.

Shufaa akalipa kwa fedha zake za mchezo, Msabaha akaahidi kuileta baiskeli jioni. Njiani, penye kivuli cha pili, Kitwana akasema, "Ulinidanganya. Hukuitaka wewe."

"Nilitaka utoke," Shufaa akajibu. "Baba yangu alikaa hivi hivi. Naogopa."

Mzee akaichukua fimbo yake, wakaendelea.

Kuanzia kesho yake, kila asubuhi kabla jua halijakaza, Kitwana alipelekewa kiti kwenye kiwanja kilicho mbele ya nyumba, akafundisha. Alikuwa mwalimu mkali asiyesifu. Alimkatisha kona mkewe mpaka vifundo vikamlia. Majirani walikuja kutazama, wengine kwa mapenzi, wengine kwa umbea, na Maulida akawanyamazisha wote kwa kusema ng'ombe hazeeki maini. Shufaa aliona kwamba mumewe sasa anamaliza sahani. Lakini somo likiisha alirudi chumbani, na Ijumaa ilipofika alisali humo humo. Akaanza kufikiri kwamba labda ndiyo basi, kiwanja ndio mwisho wa safari yake.

Alhamisi moja Kitwana akaagiza baiskeli ipelekwe kwa Msabaha kukazwa nati. Iliporudi, kikapu hakikuwapo. Mahali pake palikuwa na kiti chenye mgongo, kimetiwa sponji, na chini yake ubao wa kukanyagia miguu.

"Nani ameagiza hiki?" Shufaa akamuuliza Msabaha.

"Mzee. Siku ile ile mliponunua. Alisema nisikifunge mpaka atakaponiambia kwamba kona zako zimekaa sawa."

Kesho yake asubuhi kanzu ilikuwa juu ya meza, na Kitwana akauliza kama pasi ina mkaa.

Walikwenda taratibu, mwendo wa kumsindikiza bibi harusi. Shufaa alitazama mbele tu. Alijua watu wanatazama: mwanamke wa umri wake, tena wa nyumba za mji mkongwe, anakanyaga pedeli, na mume amekaa nyuma na fimbo mapajani. Aliogopa neno moja tu la kejeli, kwani neno moja lingetosha kumrudisha mzee ndani. Nje ya duka la kahawa mtu mmoja akasema, "Mzee Kitwana, leo umepata dereva."

Shufaa akakaza mikono kwenye usukani.

"Nimemfundisha mwenyewe," akajibu Kitwana kutoka nyuma, bila haraka.

Shufaa alimshusha mlangoni pa msikiti, naye akaenda kusali kwa jamaa zake nyumba ya tatu. Aliporudi kumchukua, Kitwana ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka. Wenziwe walikuwa wamemzuia kwa salamu. Alipanda, akailaza fimbo mapajani.

Wakarudi kwa njia ile ile. Walipofika kwenye kona ya mtaa wao Shufaa akapunguza mwendo, akaanza kugeuza.

"Usikate," Kitwana akasema.

"Eti?"

"Pita. Nenda mbele."

"Mbele wapi, Baba Samia? Nyumbani si hapa?"

"Popote tu. Nimechoka kukaa ndani."

Shufaa akanyoosha usukani, akaipita kona ya nyumba yao. Machozi yakamjia, akayaacha yashuke hadharani, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi.