Siku Nilikuwa Muntu wa Chini

Ile mashini yenye inapandishaka bantu mu depo, beye banaiitaka naseli. Iko kama kitanda ya chuma, chini yake iko na miguu ya kukunjana-kunjana. Unaingia, unafunga kamulango, unafinya kifungo, miguu inaanza kujinyoosha, na weye unaenda juu polepole paka karibu na bati. Siku ya kwanza kuiona nilicheka paka nikakaa chini. Nikasema, kumbe bantu banachoka na ngazi, sasa banapandia panzi.

Nilikuwa mama wa usafi mu ile depo miaka mingi. Depo ya bunga, mafuta, sabuni, sukari. Etajere ya chuma inapanda juu kabisa, magunia juu ya magunia. Patro, mwenye depo, ni muntu wa Kivu, muntu wa kanisa, anasalimiaka bote na mukono, hata mi mwenye mukono iko na maji ya kudeki. Taa iko kule juu ku bati, inakufaka kila wakati, na mwenye anaibadirisha ni shurti apande na naseli.

Sasa ile mashini iko na sheria yake. Kulikuwa bwana mumoja wa sekirite, mwembamba, na miwani, alikuwa anatukusanya kila siku ya kwanza asubui mbele ya kazi. Ju bamingi hatusomi muzuri, alichora picha ku karatasi akazibandika ku mulango. Mukaba ufungwe ku chuma ya mule ndani. Kamulango kafungwe. Usipande juu ya bile vyuma vya pembeni, hata kama taa iko mbali. Mashini ikikwama, bakia mulemule, usitoke, hata ungeshinda pale paka magaribi. Na ya mwisho, yenye alikuwa anasema mara mbili: hakuna kupanda kama hakuna muntu wa chini.

Muntu wa chini njo mwenye anasimama pale na kuangalia mwenzake wa juu. Hatembei. Hachezi na telefone. Ku mashini, huku chini, kuko kamukono kekundu. Mashini ikikataa, muntu wa chini anakavuta na inashuka yenyewe. Lakini asivute bulebule. Aite kwanza, "Ninashusha." Ule wa juu aitike, "Shusha." Kama haitike, usivute, ju mukono yake inaweza kuwa katikati ya vyuma.

Bananichagula mi. Bwana wa sekirite alisema, "Kambo hana telefone, na macho yake haitembeake." Beye bote pale kazini banani­itaka Kambo, kama mujukulu anaita mama ya mama yake, hata bazee benye tunalingana. Basi nikawa muntu wa chini, na niliipenda ile kazi, sitaficha. Nilikuwa nakunja kikwembe, kitenge yangu, naweka mikono ku kiuno, naanza kubafokea. We, funga mukaba. We, kamulango. We, unaegamia wapi, unafikiri uko ku dirisha ya bibi yako?

Shofere wa mashini ya magunia, muntu munene, akipanda alikuwa anasema, "Kambo, nikianguka unidake na kikwembe."

"Na ile tumbo? Nitaomba kikwembe ya kwaya nzima."

Bote banacheka, yeye anacheka kule juu paka mashini inatikisika, na mi namufokea tena ju ya kutikisa. Mara mbili mashini ilikwama, mara mbili niliita, baliitika, nikavuta kamukono, bakashuka salama. Njo kusema kazi niliiyua. Hakuna muntu anaweza kusema sikuiyua.

Mume wa mutoto yangu wa mwisho alikuwa muntu wa taa. Mi mwenyewe nilimuombea kazi kwa patro. Alikuwa muntu wa kimya, wa mikono safi, muntu anakunja waya zake muzuri kama mwanamuke anasuka nywele. Nilimupenda sana. Nasema mbele ili muelewe bile binafuata.

Mume wa mutoto yako ni bukwe. Kwetu, upande wa Pweto, hamuangalianake na bukwe mu macho. Hamukule pamoja. Akipita mu njia, weye unajivuta pembeni, unafunika uso kidogo na kitambaa. Si chuki, iko heshima. Kumusemesha uso kwa uso, apana. Ukiwa na neno unatuma muntu, "Uende umuambie bukwe yangu vile na vile," na hata kama yeye iko pale karibu anasikia yote, anangojea ule muntu amuambie. Inaendelea vile paka siku mama wa bibi anamupikia chakula kubwa ya kufungua kinywa. Kisha ile siku munaweza kusalimiana. Sisi tulisema tutapika Pasaka. Pasaka ikapita, nikasema Noeli. Kuku zilikuwa bado ndogo, mutoto alikuwa na mimba, kila mwaka kulikuwa kintu.

Pale kazini balituzoea. Yeye akipanda, muntu wa chini alikuwa shofere. Mi nilikuwa nachukula ufagio yangu naenda kufagia upande ingine. Hatukuongea ile mambo na muntu, ilikuwa paka vile.

Ile siku, malori mawili ilitoka Kasumbalesa, yote mara moya. Bantu bote bakaenda ku portail, ku mulango mukubwa, kushusha mizigo, shofere na mashini yake wa kwanza. Na taa ya katikati ya depo ikakufa, giza pale pa sukari. Bwana wa sekirite akasema, "Kambo, simama chini, ni taa moya tu."

Nikamuambia polepole, "Bwana, ule ni bukwe yangu."

Hakuwa muntu wa kwetu. Akaniangalia na uso muzuri, akasema, "Kambo, hapa ni kazi. Bukwe inabakiaka ku nyumba. Na taa moya tu, hata hamutasemeshana."

Nikaona haya kukatala. Nikasema mu roho, taa moya.

Yeye alikuwa amesikia. Alifunga mukaba yake mwenyewe, kamulango mwenyewe, bila muntu kumuambia, ili nisipate shida ya kusema. Akapanda. Bwana wa sekirite akaenda ku malori. Tukabakia babili mu ile depo kubwa, yeye juu, mi chini, na mi naangalia simenti ya chini. Muntu wa chini mwenye anaangalia chini. Nilikuwa naona paka kivuli yake.

Taa ikawaka. Nikafurahi, nikasema tumemaliza. Mashini ikaanza kushuka, ikashuka kidogo, ikatoa sauti kama muntu anakohoa, ikasimama.

Nikangojea. Yeye pia alingojea. Kiisha nikasikia: ko, ko, ko. Alikuwa anagonga chuma na turnevisi, bisibisi yake. Hakuweza kuniita, mi bukwe yake. Aligonga.

Nikaenda paka ku kamukono kekundu, nikakashika. Ilikuwa neno moya tu: Ninashusha. Nilisema ile neno mara ngapi na banaume bote ba ile depo. Nikafungua kinywa. Haikutoka. Miaka makumi mangapi mwili wangu unafundishwa kunyamaza mbele ya bukwe, sasa niulazimishe kusema mu dakika moya? Na kuvuta bila kuita niliogopa mukono yake mu vyuma.

Ko, ko, ko, tena.

Nikasema, ngoja nitafute kinywa. Vile njo nilifikiri, ile neno yenyewe. Nitafute muntu amuambie. Nikaacha kamukono nikakimbia ku portail. Nikakuta muuzisha wa sabuni, nikamushika shati.

"Kuya, umuambie bukwe yangu ninashusha."

"Kambo, unanivutia nini? Muambie weye."

"Kuya tu."

"Na weye iko na kinywa ya kutufokea sisi bote kila siku," akasema, lakini alikuya, anacheka. Tulikuwa tumefika pa magunia ya bunga wakati tulisikia kishindo. Nilifikiri ni gunia. Niliomba ikuwe gunia.

Bukwe yangu, kule juu, aliangalia chini, akakuta hakuna muntu. Labda alifikiri nimekimbia haya. Alifungula mukaba, akafungula kamulango, akataka kushuka na etajere, chuma kwa chuma. Gunia ya sukari ikateleza na mukono yake, akaanguka.

Alikuwa angali na pumuzi. Niliinama karibu naye, na hata pale sikumuita. Muuzisha wa sabuni njo alikuwa anamuita, anamuita. Alikufa ku hopitali siku ya tatu.

Ku kilio, bwana wa sekirite alikuya na karatasi yake. Alinikuta ku mukeka, katikati ya bamama. Akainama, akauliza na sauti ya huruma, "Kambo, ulikuwa pale chini?"

Nikasema, "Nilikuwa."

Ilikuwa kweli ya nusu. Yeye akaandika, na muuzisha wa sabuni hakuna muntu alimuuliza. Na ju ya ile neno moya, karatasi ya kazi ikasema: muntu wa chini alikuwa pale, fundi alitoka mwenyewe, alivunja sheria. Bantu ba kazi bakaisoma, bakapelekea bibi zabo, na bibi zabo bakaisema ku soko. Eti kichwa ngumu. Eti alikuwa na haraka ya pombe. Muntu mwenye hakunywa hata ya kukata kiu. Mujukulu yangu mukubwa alirudia siku moya toka masomo, akauliza mama yake, "Ni kweli papa alikufa ju hakusikiaka?"

Na mi nilikuwa pale, natoa mawe mu mchele, nikaendelea kutoa mawe. Nilimaliza wakati yote ya mvua vile. Niliogopa. Mume yangu alishakufa, nikisema, na mutoto ataniacha. Vile njo nilikuwa nahesabu mu kichwa, na kila siku jina ya ule muntu inachafuka zaidi.

Ilikuwa asubui ya siku ya posho, njo jumamosi, mutoto yangu anachunga bunga mu lupango ya nyumba, mi nafunga kuni. Nikamuambia. Sikutafuta njia nzuri. Nikasema, "Mashini ilikwama, na mi sikumuita. Nilienda kutafuta muntu wa kumuambia. Alipoangalia chini, sikuwa pale."

Akaendelea kuchunga kidogo.

"Yeye alikuita?"

"Apana. Aligonga chuma."

"Mara ngapi?"

"Tatu. Kiisha tatu tena."

Chungio ikasimama. Bunga ilikuwa imemufika paka ku viwiko. Akasema, bila kuniangalia, "Mama, batoto yangu banasikia papa yao alikuwa muntu wa kichwa ngumu. Na weye unakula nao."

"Najua."

"Uende useme kule kwenye ulisemea ya kwanza. Leo."

Sikubadirisha hata kikwembe. Nilienda na miguu paka ku depo. Bwana wa sekirite alinipa kiti, akaniletea maji, akafikiri nimekuya kuomba kurudia kazi yenye niliacha kisha kilio. Nikamuambia yote: kamukono kekundu, portail, shati ya muuzisha wa sabuni. Alitoa miwani. Alibakia anaipangusa kwa muda mrefu.

"Kambo, uliniambia," akasema. "Uliniambia ni bukwe, na mi nikasema taa moya."

Akakamata karatasi mupya, akaandika yake kwanza, akanisomea. Kiisha akasema, "Sasa yako. Shurti useme mwenyewe, na kinywa yako: siku ile ulikuwa muntu wa chini wa nani?"

Nikasema, "Wa bukwe yangu."

"Karatasi inaomba jina, Kambo."

Jina ya bukwe hatuitamke. Tangu aoe mutoto yangu sikuwa nimeisema, hata kwa kuomba Mungu, nilikuwa namuambia Mungu "papa wa batoto bale." Bwana aliweka kalamu chini akangojea. Inje balikuwa banashusha lori, shofere anapiga kelele.

Nikaitamka, yote, ya kwao na ya batizo. Alisema hakusikia muzuri, nikaitamka tena na sauti, paka mwanamuke mwenye alichukula ufagio yangu akasimama ku mulango kuangalia nani naita.